Katani Iliyopakwa Samli

Mpendwa mshauri Generoza, naomba msaada, nimekwama, na jina langu na kijiji changu usivisome redioni. Natengeneza helmeti za wachimbaji kwa katani na gundi ya resini, katani nailoweka kwenye dawa kali ya kostiki, naisuuza mpaka utelezi uishe, naianika ikauke kabisa ndipo gundi iishike, na kusuuza na kuanika nilimwachia mama mkwe, maana Mayu, ndivyo ninavyomwita, amesokota kamba za ng'ombe tangu usichana. Sasa juzi helmeti moja ilinidondoka, sakafuni tu, ikabanduka kama ganda la muhogo, singa zikachomoka zinang'aa mafuta. Nikamuuliza, akacheka, "Mwanangu, dawa yako inakausha katani mpaka inakwaruza mikono, nikailainisha kwa samli kidogo, kamba bila mafuta si inakatika?" Na helmeti kumi na nane za katani hiyo ziko Masumbwe, watu wanashuka nazo duarani, ndani ya mashimo ya dhahabu, na mume wangu anasema nikizirudisha nitamwaibisha mama yake, ninyamaze, nitengeneze nyingine vizuri, na huyu mama ananipenda kuliko anavyowapenda wifi zangu, nifanyeje?

Pole, mama. Mkwe wa hivyo ni bahati. Ila kosa si lake. Kamba inataka mafuta, gundi inayakataa. La kwanza alilijua yeye, la pili ulilijua wewe, na hukumwambia. Ulimpa beseni bila kumweleza sababu, mtu mzima ukamfanya mashine ya kufulia! Basi aibu unayoogopa kumpa ibebe mwenyewe. Waambie wateja, "Kazi ni yangu, nimekosea." Ni kweli tupu, na mama mkwe haaibiki. Mumeo muulize kama angeshuka duarani na helmeti hiyo.

Kwa Mayu, piga magoti, umpe vipande viwili vya helmeti, chenye samli na kisicho nayo, avivunje mwenyewe. Hatahitaji hotuba. Na asuuze tena, ila mara hii akijua kwa nini.

Hayo yatangoja urudi kutoka Masumbwe. Barua yako uliiandika Jumatatu, leo Ijumaa, na namba uliyoniachia haipokelewi. Hukutaka ushauri, ulitaka siku nne za kutokwenda.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Masumbwe sijaificha, wala samli. Huko nako wana redio, na nimesoma barua yako taratibu makusudi, anayesikia avue hiyo helmeti sasa hivi. Wewe nenda ukawaambie ni kazi ya nani.