Senti za Ijumaa

Alhamisi, 4 Julai 1974

Nimevunja shilingi tatu kwa Mwarabu wa kona. Nimepata senti ishirini za kutosha, zile za mbuni, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga kama kila Alhamisi. Miaka tisa sasa. Marehemu Salum ndivyo alivyokuwa akifanya, na siku mbili kabla hajafa aliniambia nisiwaache watu wake wa Ijumaa. Hakunipa wosia wa duka. Hakusema lolote juu ya binti yetu Zuhura wala juu ya nyumba. Watu wake wa Ijumaa tu. Nilikasirika siku ile, na hasira haijaisha.

Upepo na vumbi Singida nzima tangu asubuhi. Khanga za mbele nimezikung'uta mara mbili. Sukari hakuna. Unga ni ule wa njano wa msaada, na watu wanaupangia foleni huo huo.

Ijumaa, 5 Julai

Wamekuja kumi na mmoja. Mwaka juzi walikuwa watano. Njaa imeleta wengine kutoka vijijini. Sura zao sizijui, ila mkono ni ule ule.

Wa zamani nawajua. Mzee Kipofu, anayetembea kutoka kwao, upande wa Unyambwa, na fimbo yake iliyozungushiwa waya wa shaba. Mama Mapacha, mmoja mgongoni na mwingine anamburura. Vidole, ambaye ukoma umemwachia viwili, huyo namtilia senti kwenye mfuko wa shati. Bibi wa Kikohozi. Majina hayo nimewapa mimi mwenyewe, kimoyomoyo.

Mzee Kipofu hana haraka. Wenzake wakishapewa wanaondoka, yeye ndiyo kwanza anaanza dua. Mungu amrehemu Salum bin Athumani, ambaye mkono wake haukufungwa, na amlinde mkewe Mwanaidi. Jina la mume wangu na langu, kila Ijumaa, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, na wateja wamesimama wanangoja chumvi. Leo nilimkatiza. Nikamwambia inatosha mzee, Mungu amesikia. Akacheka, akasema basi iliyobaki atamalizia njiani.

Nikamwambia Fundi Ramadhani, anayeshona cherehani kibarazani kwangu, kwamba nimechoka. Kwamba natamani Ijumaa moja nifungue mlango nisikute mtu. Alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kushona.

Jumanne, 9 Julai

Bwana Yona wa ofisi ya wilaya kaja. Leseni ya duka langu iko mezani kwake tangu Aprili. Nilidhani ndiyo iliyomleta, nikatoa kiti, nikatoa na chai kwa ile sukari niliyoificha. Leseni hakuigusia. Alizungumzia ombaomba.

Alisema haiwezekani nchi nzima inalima halafu mjini watu wananyoosha mikono. Wamepimiwa mashamba kwenye vijiji vipya, kuna chakula cha kuanzia, kuna dawa. Kazi ni kuwapata tu. Wakiona mgambo wanatawanyika kama vifaranga. Lakini kwako wanakuja wenyewe, mama, wana imani na wewe. Waambie Ijumaa hii waje wote, kutakuwa na shilingi nzima na kipande cha nguo. Tutawaeleza kwa utulivu, tutawaandikisha, na anayetaka ataenda.

Anayetaka ataenda. Nilimsikia akisema. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba hakusema.

Akaongeza kwamba akina mama wenye huruma na pia wenye kuelewa siasa kama mimi ni wachache. Alinivika kilemba cha ukoka, na mimi nikakifunga vizuri. Nikamjibu nitawaambia. Alipofika mlangoni ndipo aligeuka. "Na ile leseni yako, mama, naiangalia wiki hii."

Sikumwuliza mambo hayo mawili yanahusiana vipi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemkuta Mama Mapacha kwenye bomba la maji. Nimemwambia awaite wenzake wote, hata wasiofika kwangu. Shilingi nzima na nguo. Akaniuliza kuna nini. Nikasema ni sadaka ya kumkumbuka marehemu.

Uongo huo sikupewa na Bwana Yona. Niliutunga mwenyewe palepale, na ukatoka laini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nimekata kitambaa cha marekani vipande. Angalau nguo iwe kweli.

Ijumaa, 12 Julai

Walifika zaidi ya arobaini. Walijaa kibaraza mpaka barabarani. Na walikuwa wameoga. Hilo sikulitegemea. Bibi wa Kikohozi alijifunga khanga safi, Vidole alichana nywele. Niliwaita kwa jina la marehemu, wakaja kama watu wanaokwenda kwenye hitima.

Mzee Kipofu alikuwa wa tatu. Nimemwekea nguo begani, shilingi mkononi, ameanza dua yake. Hajafika kwenye jina langu, lori likaja kinyumenyume kutoka kona ya sokoni. Mgambo pande zote mbili. Karani na daftari. Jina? Panda. Jina? Panda. Hakuna aliyeelezwa kitu. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Vidole alijaribu kukimbia, wakamdaka shati, mfuko ukachanika. Mapacha walilia pamoja kwa sauti moja.

Nilimfuata Bwana Yona nikamwambia, ulisema anayetaka. Alinijibu bila kunitazama.

"Mama, rudi dukani."

Nikarudi dukani. Hakuna aliyenisukuma. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikasimama nyuma ya meza ya kuuzia, mbele yangu rundo la vipande vya marekani.

Mzee Kipofu walimbeba juujuu. Alipowekwa kwenye lori nikamsikia akiita. "Mke wa Salum, nisaidie. Fimbo yangu."

Alidhani na mimi nimevamiwa. Alikuwa ananiita mimi.

Fimbo ilikuwa imebiringika chini ya cherehani ya Fundi. Nilipoitoa, lori lilikuwa limeshaondoka.

Jumamosi, 13 Julai

Sikufungua duka. Fimbo nimeiegemeza kibarazani, ubavuni mwa mlango. Ndani sikuitaka.

Jumatatu, 15 Julai

Leseni imeletwa. Mhuri umekolea wino. Miezi mitatu nilikuwa naifuatilia kwa miguu, leo imekuja na tarishi mpaka mlangoni. Nimeitundika ukutani kama inavyotakiwa. Msumari umepinda mara mbili.

Ijumaa, 19 Julai

Jana nilivunja shilingi. Mkono ulikwenda wenyewe. Leo nimefungua mlango sikukuta mtu, sawasawa na nilivyotamani. Nimekaa mpaka adhuhuri, kopo mapajani.

Wateja wawili siku nzima. Kwenye bomba wanawake wananyamaza nikifika. Hawanitukani, wanasogeza ndoo zao tu. Nasikia huko sokoni wanasema nimewauza maskini kwa leseni. Ningependa kumkasirikia anayesema hivyo. Sipati pa kuanzia.

Fundi Ramadhani amegeuza cherehani, sasa anashona akinipa mgongo. Anasema ni kwa ajili ya mwanga. Mwanga umekuwa upande ule ule miaka yote.

Leo nimekumbuka kitu. Salum alikuwa akiwaita kwa majina. Karibu fulani, za kwenu fulani, mguu wako unaendeleaje. Mimi nilikuwa ndani napima chumvi. Nilisikia sauti, majina sikuyasikiliza.

Jumapili, 21 Julai

Nimepata habari kwamba lori liliwashusha kwenye kijiji kipya mbele ya Kintinku, huko Manyoni. Nimeamua kwenda. Nimemwambia Fundi aniangalizie nyumba.

Akaniuliza nikifika nitawaambia nini. Nitapeleka fimbo. Fimbo mtu anaweza kuipeleka bila kusema kitu.

Jumatano, 24 Julai. Manyoni

Naandika nyumbani kwa shemeji yangu, mdogo wake Salum. Mgongo unauma. Jana basi kutwa, leo alfajiri nikadandia lori la magunia mpaka kule na kurudi. Nimekula vumbi kwa siku mbili, na nastahili.

Kijiji kimepangwa kwa kamba. Vibanda vya miti, mstari mmoja, mwingine, mwingine, vingi havijaezekwa. Maji ni mwendo. Katibu wa kijiji ni mtu mpole, aliniamkia shikamoo, akanipa kigoda, akaniuliza namtafuta nani.

Nikasema mzee mmoja kipofu.

Jina lake?

Nikasema anatokea Singida mjini, aliletwa na lori la tarehe kumi na mbili. Akasema waliletwa wengi, wengine wamepelekwa vijiji vingine. Jina lake? Nikamwonyesha fimbo. Akafungua daftari, akaligeuza nilione, safu kwa safu za majina, wino wa bluu. Hakuwa na dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Daftari lina majina, mama. Halina vipofu."

Ni ndugu yako? Hapana. Basi mama mwingine, mwenye mapacha. Jina lake? Mzee mwenye ukoma. Jina lake? Miaka tisa nimewawekea hela mikononi. Nilikuwa nimesimama mbele ya daftari lenye majina yao yote nisijue hata moja. Yale niliyowapa mimi sikuweza kuyatamka mbele ya yule kijana. Ningeanzaje kusema natafuta Vidole?

Nilimwona Mama Mapacha wakati natoka. Alikuwa anapiga udongo wa kukandikia ukuta, watoto wamekaa kivulini, wote wawili, namshukuru Mungu kwa hilo. Amekonda. Ile marekani yangu ameikata, kila mtoto amevaa nusu. Aliponiona alisimama, akasogea mpaka akawa kati yangu na watoto.

"Mama, umetufuata na huku?"

Nikasema nimeleta fimbo ya mzee. Akasema babu hayupo. Lori lilisimama njiani kuongezwa maji, babu akateremka na mwenzake mwenye ukoma, wakaingia vichakani, hawakupanda tena. Mwenye vidole viwili alimshika mkono asiye na macho. Nikamwuliza wako wapi. Akasema yeye anapajua, hasemi. Nikamwomba basi anitajie jina la mzee, jina tu, nitamtafuta mwenyewe.

Alijifuta mikono kwenye khanga.

"Jina lake nalijua. Wewe sikupi."

Akarudi kwenye udongo. Nilikuwa na noti ya shilingi kumi kwenye pindo la khanga, nilimwekea yeye. Sikuitoa. Ningeitoa vipi? Nimerudi nayo, na fimbo nimerudi nayo.

Shemeji ananiuliza kwa nini sili.

Ijumaa, 26 Julai

Nimefika jana jioni. Fimbo nimeirudisha pale pale ubavuni mwa mlango. Shilingi sikuvunja.

Bwana Yona amepita na wageni wake, amewaonyesha barabara ilivyo safi. Alinipungia mkono. Nimemjibu. Nimejichukia, lakini nimemjibu.

Jumatatu, 29 Julai

Nimemwuliza Fundi Ramadhani kama yeye aliwajua watu wa Ijumaa kwa majina. Akasema wawili watatu. Wakingoja zamu zao walikuwa wanapiga soga naye. Sikumwomba anitajie. Nilimwambia tu kwamba nimeuliza, basi.

Akaniambia Mzee Kipofu alikuwa mfua chuma. Macho yaliharibiwa na moto wa tanuri. Waya ule wa kwenye fimbo aliuzungusha mwenyewe, kwa kupapasa. Fimbo imekaa mlangoni kwangu wiki mbili na sikuwahi kuangalia waya umesukwaje. Nimekwenda kuangalia. Umesukwa vizuri sana.

Ijumaa, 2 Agosti

Upepo umetulia. Asubuhi niliweka shilingi moja ukingoni mwa kibaraza, karibu na fimbo. Sijui niliiweka kwa ajili ya nani. Nilitaka tu iwe nje.

Nikaingia ndani kuswali adhuhuri. Niliporudi fimbo haikuwepo. Shilingi ipo.

Fundi alisema amekuja mwanamke, hamfahamu, kwa miguu kutoka njia ya Unyambwa. Hakupanda kibarazani. Alisema ametumwa fimbo ya babu. Fundi akampa. Akamwonyesha na ile shilingi, akamwambia hiyo nayo ni yenu. Mwanamke akajibu hakutumwa hela.

Nikamwuliza kama alisema mzee ni mzima. Akajibu hapana, ila nani atamchukulia maiti fimbo. Nikamwuliza kama alimwuliza huyo mwanamke jina lake.

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanigeukia.

"Sikumwuliza, Mama Zuhura."

Nimeichukua shilingi nimeirudisha kwenye kopo. Kisha nimefagia pale fimbo ilipokuwa imesimama. Palikuwa na vumbi kidogo.