Magego Yangu na Uji wa Rubeni

Magamba, 1974

Mdogo wangu Secilia,

Marahaba, naipokea shikamoo yako kabla hujaiandika.

Daktari wa Lushoto aliponing'oa magego mawili ya mwisho, sikutoa hata sauti. Haya, nilipiga kelele mpaka muuguzi akacheka. Lakini napona vizuri. Nasukutua kwa maji ya chumvi, uvimbe umeshuka, na tangu juzi natafuna kiazi.

Linalonitia wasiwasi ni uji. Rubeni, balozi wetu wa nyumba kumi, hajawahi kuniletea hata jani la mboga. Sasa kila asubuhi analeta uji wa maziwa na kuniambia, "Usiseme, mzee wangu, kidonda kitafunguka. Nyamaza mpaka Jumamosi ipite."

Jumamosi ni mkutano wa kijiji. Nikaweka pamba shavuni, nikajifanya bado nimevimba. Jana akamwambia mkewe mbele yangu, kana kwamba niling'olewa na masikio, "Nitauliza nani anapinga shamba la huyu mzee la bondeni liwe la kijiji. Mzee akinyamaza, amekubali." Shamba lake yeye, lililopakana na langu, hakulitaja.

Basi uji wake naumaliza, na nitanyamaza mpaka atakapouliza.

Jumatano atashuka huko Magoma kuuza viazi, na lazima atakuuliza hali yangu. Mimi nilikufichia siri kwa baba ulipotorokea ngomani, na fadhila hiyo hujailipa. Mwambie kwamba kaka yako bado hawezi hata kufungua mdomo.

Kaka yako mwenye pamba,
Abrahamu