Mtani Kwenye Kiti cha Bosi

Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na goti halikusumbui sana. Mimi ni mzima, na leo nina furaha mpaka mkono unashindwa kuandika polepole.

Uliniuliza kwenye simu nalipwa kufanya nini ikiwa programu za kompyuta wanaandika wengine. Kazi yangu ni kuwafundisha hao waandishi namna ya kufanya kazi pamoja: wagawe kazi vipande vidogo, wamwonyeshe mteja kila kipande kinapokamilika, na kila asubuhi wasimame kidogo waambiane nani kakwama wapi. Mtindo huo wanauita ajaili. Kwa maneno ni rahisi.

Tabu ilikuwa hiyo asubuhi. Kila aliyeulizwa alijibu "shwari", kwa sababu bosi wetu Kondo alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, mikono kaikunja. Siku ya kuwaonyesha watu wa kliniki programu yao ya kupanga miadi ya wagonjwa, ikagoma mbele ya wageni. Kondo akaniambia ikigoma tena, mkataba wangu wa majaribio utaishia hapo. Nilijiona nimeshapanda treni ya kurudi Tabora, Baba, na begi limejaa aibu.

Ndipo nikakumbuka msiba wa bibi hapo Kwihara. Unamkumbuka yule mzee wa reli, mtani wetu Mzaramo, alivyojilaza mlangoni akawaambia baba wadogo mbele ya watu kwamba walimwacha mama yao achote maji mwenyewe mpaka uzeeni? Hakuna aliyenuna, maana mtani ni mtani. Na Kondo naye ni Mzaramo.

Kikao kilichofuata niliwahi kuingia, nikakalia kiti chake.

"Mtani, leo utasimama," nikamwambia. "Babu zangu walitembea kutoka Unyanyembe mpaka kwenu pwani na mizigo mabegani. Acha nipumzike kwa niaba yao."

Watu wakainamisha vichwa. Kondo akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Nyie Wanyamwezi, vumbi la safari ile hamjaliosha mpaka leo," akasema, na akasimama kweli.

Nikaendelea, bado kwa utani, kwamba watu wake wanamwogopa yeye kuliko mteja. Hapo Neema, dada mpole anayekagua programu, akasema taratibu, "Sehemu inayogoma ni ile uliyoiandika wewe, bosi. Tunajua tangu mwanzo."

Kondo akavuta kiti kingine, akamwomba Neema amwonyeshe. Wakairekebisha pamoja. Juzi wageni walirudi, programu ikaenda bila kukwama, na mimi nikajifungia chooni nikalia kwa furaha. Sasa mmoja wetu huwa mtani kwa zamu, na akisema lililoharibika hanuniwi.

Mkataba wa kudumu nimeshasaini, Baba.

Nisalimie dada Salome anayekusomea barua hii, na asiruke mistari. Shangazi muuza mchele wa Isevya pia, na mjomba wa Ntalikwa mwenye mizinga ya nyuki; mwambie asali yake iliisha siku ile ile niliyoipeleka ofisini.

Likizo nitakuja na Kondo na mkewe. Anasema mimi nilichukua kiti chake, basi yeye atachukua yule jogoo wako mwekundu. Najua unavyompenda. Usimfiche.

Ni mimi mwanao, ambaye begi lake litakuja na zawadi,

Kalunde