Siku Kumi na Tisa Nilizobonyeza "Nimeona"

Jumatano, Tukuyu. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umefika hadi mlangoni.

Nimechoka. Sina namna nyingine ya kuanza. Miguu imechoka, mgongo umechoka, na zaidi ya hapo nimechoka kujisikiliza mwenyewe nikijitetea kichwani. Nimekaa chumbani kwangu hapa Bagamoyo, hii yetu ya mjini Tukuyu, siyo ile ya pwani. Soksi zangu ziko juu ya jiko la mkaa na hazikauki. Bado hakujaingia giza. Niliomba kutoka kazini mapema, nikasema kichwa kinauma.

Hakiumi.

Naandika hapa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kazini kuna fomu inanisubiri, na kwenye fomu hiyo nimeshauriwa niandike vingine.

Mimi ni fundi wa mtandao. Kampuni yetu ni ndogo, inapeleka intaneti kwenye zahanati, shule na ofisi za kata huku wilayani Rungwe. Mkongo wetu, waya wa nyuzi za kioo unaobeba data, umezunguka kama pete: unatoka ofisini Tukuyu, unashuka Kisondela, unapita Kisiba, kisha unapanda kurudi Tukuyu kwa njia nyingine. Kila kituo kina mashine, na mashine hizo zinasalimiana na jirani zake muda wote. Jirani asipoitika, mashine inaelewa kwamba upande ule umekatika, na data zote inazigeuza zipite upande wa pili. Daraja la Kisondela likizolewa na maji, bodaboda hakai akalia pale mtoni. Anageuza, anazungukia Kisiba. Ndivyo na data zinavyofanya, ila zenyewe zinageuka kabla hujapepesa jicho. Nesi aliyeko zahanati hajui hata kama kuna kitu kimetokea.

Raha ya pete ni hiyo. Ubaya wake pia ni huo.

Pete ikikatika mahali pamoja, kazi inaendelea, lakini hiyo si pete tena, ni kamba tu. Ikikatika mahali pa pili, walio katikati wanabaki kisiwani. Hili nalijua vizuri. Nimewafundisha wengine kwa kuchora ubaoni.

Siku kumi na tisa kabla ya Jumatatu hii, ukingo wa barabara uliporomoka upande wa Kisondela kwa sababu ya mvua, ukaenda na mkongo wetu. Pete ikageuka kama inavyotakiwa. Kwenye skrini yangu vituo vyote vilibaki kijani, ila mstari mmoja mwembamba ukawa wa njano na kengele ikalia. Kengele ile ina kitufe kimeandikwa "Nimeona". Ukikibonyeza inanyamaza hadi kesho yake asubuhi.

Nikabonyeza. Kesho yake nikabonyeza tena.

Mwanzo nilikuwa na sababu ya kweli, gari lilikuwa gereji. Gari likatoka, mvua ikawa kubwa. Mvua ikapungua, nikasema wiki ijayo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyepiga simu kulalamika, na mimi nilikuwa nimechoka. Kazi isiyolalamikiwa na mtu ni rahisi sana kuilaza. Bakari, fundi wetu wa kuunga mkongo, mtu mzima ambaye babu yake alikuja Tukuyu kutoka pwani na cherehani, alinikumbusha mara mbili. "Dada Atu, tusipoziba ufa huu tutajenga ukuta." Nikacheka. Nikamwambia ukuta wa nini, wakati taa zote ni za kijani?

Jumatatu, kama saa nne asubuhi, Kisondela na Kisiba zikazimika kwa pamoja.

Nilielewa kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Nikachukua mashine ya kupimia, ile inayorusha mwanga ndani ya mkongo na kuangalia unagonga wapi na kurudi. Ikanipa umbali wa mahali palipokatika. Nilipouweka kwenye ramani ukaangukia Kisiba, nyuma ya nyumba ya Mzee Gwakisa. Mahali hapo ninapajua, maana njia ile niliichagua mimi. Wakati tunalaza mkongo, kando ya barabara pale ni mwamba mtupu, kwa hiyo nilimwomba mzee tupite ndani ya migomba yake. Hakusita. Mkewe, mama Subilaga, alituletea ndizi na maharage, akasimama juu yetu hadi tukamaliza sahani.

Tulipofika na Bakari, uwanja umejaa watu na turubai limefungwa. Mama Subilaga alikuwa amefariki usiku wa Jumamosi. Wanaume walikuwa nyuma ya nyumba wanachimba kaburi, na ukutani mwa kaburi lile, karibu usawa wa kiuno, bomba letu lenye mkongo lilikuwa limechungulia pande zote mbili, limekatwa na sururu.

Nilisimama pale na viatu vyangu vya mvua. Mimi ni Mnyakyusa, nimekulia kwenye migomba. Ninajua kwamba kwetu mtu hupumzishwa nyumbani kwake. Wakati ule napima njia, niliyaona makaburi mawili ya wazee wa familia hii, nikazungusha mkongo ukayakwepa kwa heshima zote. Niliyakwepa yaliyokuwepo. Yatakayokuja sikuyafikiria hata kidogo, na mwenye kaburi alikuwa amesimama mbele yangu na bakuli la maharage.

Bakari alinivuta pembeni. Hakuhitaji kunieleza. Kijijini kukiwa na maiti, jembe haligusi ardhi ila kwa kaburi. Hakuna anayelima, hakuna anayechimba hata shimo la takataka. Siwezi kuja na jembe langu pembeni ya wachimba kaburi eti natafuta intaneti. Na hata baada ya mazishi, si kabla ya kuondoa matanga.

Ikabaki njia moja tu. Kama huku hakugusiki, basi kule Kisondela kutengenezwe, data zigeuke tena zipite huko.

Njiani Bakari akasema, "Mficha maradhi, dada Atu." Hakumalizia, na mimi sikumwomba amalizie. Kilio humuumbua. Nilikuwa nimetoka kukisikia kwa masikio yangu.

Tulishuka kwenye ule mporomoko tukishikilia mashina ya migomba. Tukavuta kipande kipya cha mkongo, tukakitundika kwa muda kwenye nguzo mbili za miti, Bakari akaunga nyuzi moja moja huku nimemshikia mwavuli. Tulipomaliza nikaangalia saa. Ilikuwa kazi ya muda wa saa nne tu. Siku kumi na tisa za visingizio, kwa kazi ya saa nne.

Kisondela ikarudi, na Kisiba ikafuata papo hapo. Mkongo uliokatwa kwenye kaburi ulibaki vilevile, na wala hakuna aliyeuhitaji.

Ulielewe hilo, maana moyo wangu umekwama hapo. Kama ningefanya kazi yangu, wale vijana wangekata bomba letu Jumatatu asubuhi na hakuna ambaye angejua. Pete ingegeuka, mama angezikwa kwa amani, na mimi ningekuja baada ya matanga kuhamisha njia. Kaburi lile halikuzima kitu.

Wakati mtandao haupo, nesi wa Kisiba alikuwa na mtoto aliyeungua na uji. Alitaka kumtumia daktari wa Tukuyu picha ya kidonda, kama afanyavyo siku zote. Ikashindikana. Simu nayo ikakataa kushika, kwa mvua ile. Akaamua mwenyewe, akampakia mtoto na mama yake kwenye bodaboda, wakaja wakiloa njia nzima. Mtoto anaendelea vizuri, nimeulizia mara tatu. Ila Kisiba habari imeshazunguka kivingine: zahanati ilizimika kwa sababu ya msiba wa kwa Gwakisa.

Jana nikaenda kutoa pole. Nilifunga kanga juu ya suruali ya kazi, nikakaa kidogo na akina mama, halafu nikaitwa. Mzee Gwakisa alitaka kuniona. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, koti la mvua limekunjwa mapajani, amekonda ghafla kama wanavyokonda wafiwa. Nilipomwamkia akaanza yeye, kabla hata sijatoa pole.

"Mwanangu, mtusamehe," akasema. "Tumekata waya wa selikali. Vijana hawakujua."

Nikasema si neno, baba.

"Mama yenu hakuwahi kumkosea mtu hapa Kisiba. Hata mmoja. Leo wanasema kabuli lake limefunga hospitali."

Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, hata mtoto angepaona. Na mimi nikamwambia, "Usijali baba, ni ajali. Tumeshatengeneza."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndaga," akasema. "Ndaga fijo." Akanishukuru. Mfiwa alinishukuru kwa kumsamehe kosa langu mimi.

Nimesema uongo mdogo mdogo maishani, sijifanyi malaika. Lakini aibu ya jana sijawahi kuibeba.

Jioni ile ile meneja wetu akanipigia kutoka Mbeya. Si mtu mbaya. Alisema kwenye fomu, sehemu ya sababu, niandike kwamba mwananchi alichimba bila kutoa taarifa. "Ukiandika mengine wataniuliza, nami itabidi nikuulize wewe, siku kumi na tisa ulikuwa wapi." Ananilinda, na anajilinda. Nikasema sawa. Sawa hiyo ilitoka upesi kweli.

Na leo mchana nesi wa Kisiba kanipigia kuniambia mtandao uko vizuri, na akaongeza, kama habari ya kawaida, kwamba Mzee Gwakisa ameandikiwa wito. Kesho saa tatu asubuhi afike kwa mtendaji wa kata, aeleze kwa nini ameharibu miundombinu ya umma. Kumbe meneja aliwapigia kata jana ile ile. Matanga hayajaondolewa. Mzee atatoka kwenye msiba wa mkewe, atembee kwenye tope, akasimame mbele ya meza ya mtu na kuomba radhi kwa ajili ya kaburi la mkewe. Na ataomba, namjua. Ataomba kwa moyo wake wote.

Baada ya simu hiyo ndipo nikasema kichwa kinauma.

Lakini sikutoka mara moja. Nilifungua kumbukumbu za mashine. Mashine haina huruma wala chuki, inaandika tu. Imeandika siku na saa upande wa Kisondela ulipokatika. Chini yake, mistari kumi na tisa, kila mmoja umeandikwa "imeonwa" na pembeni jina langu. Nilikuwa sijawahi kuiona yote pamoja. Asubuhi moja moja ilikuwa kitu kidogo, kitufe tu, kabla ya chai.

Nikachapisha. Karatasi mbili. Nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe, ziko hapa mezani.

Naogopa. Nisiandike kama shujaa, naogopa kweli. Kazi hizi hapa Tukuyu ni za kuhesabu, na fundi mwanamke hasamehewi kosa ambalo fundi mwanaume angelichekea. Nimewaza niende kwa mzee pembeni, nimwambie kimya kimya, kisha niache mengine yapite. Nimewaza nimpigie mtendaji, nimwombe asogeze tarehe. Njia zote hizo nazifahamu, ni zile zile za kuzunguka. Mimi ni bingwa wa kuzunguka, nalipwa kwa hilo.

Bakari nimemwambia. Amesema atanipeleka, halafu akauliza kama nimekula. Sijala.

Fomu nimeijaza kwenye simu sasa hivi, kabla ya kuanza kuandika haya nilikuwa siwezi. Sehemu ya sababu nimeandika kwamba pete ilikuwa imekatika Kisondela kwa siku kumi na tisa, fundi wa zamu alijua, hakutengeneza. Nimeituma kwa meneja na nimezima sauti ya simu. Imewaka mara mbili, sijaigusa.

Kesho saa mbili na nusu nitakuwa nimeshakaa kwenye benchi la ofisi ya kata. Mzee akiingia nitamwamkia, na akiitwa nitasimama mimi. Nitaweka zile karatasi mezani mbele ya mtendaji na yeyote atakayekuwepo, hata wakiwa wengi, bora wawe wengi. Watu wa Kisiba wamelitaja kaburi hadharani, basi na jina langu walisikie hadharani.

Halafu nitageuka nimwambie Mzee Gwakisa kwamba mkewe ameondoka kama alivyoishi. Hakumkosea mtu. Hata mmoja.