Chupa za Luhende kwenye kabati la Mama

Jumapili, baada ya misa. Upepo wa kiangazi unavuma hapa Bariadi tangu asubuhi, ule unaookota vumbi sokoni na kulimwaga kwenye nguo ulizoanika. Duka nimelifunga. Rahel, mke wangu, amerudi kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mimi nimekaa mbele ya friji kama mlinzi wa benki, na ndani ya friji kuna chupa moja ya bia ambayo siwezi kuinywa na siwezi kuacha kuifikiria.

Nina wivu. Nimeamua kuliandika neno lenyewe mapema, nisije nikazunguka nalo hadi mwisho.

Mwenye kuonewa wivu ni mdogo wangu, Luhende. Anaishi Arusha, anatembeza watalii mbugani. Wageni wake ndio waliomfundisha kunywa zile bia zinazopikwa kidogo kidogo na watu wachache, ambazo ukizikosa leo basi umezikosa. Yeye huziita kraft. Nyumbani kwa wazazi, Mwamapalala, anakuja mara moja kwa mwaka, na hakuna mwaka aliokuja mikono mitupu. Mara analeta chupa yenye harufu ya kahawa. Mara nyingine bia kali ya ubuyu, inayokukunja uso. Mwaka jana ilikuwa nyeusi tii, tamu kama sukari guru. Baba anakunywa nusu glasi, anaguna, anaiangalia chupa mbele na nyuma kama anayenunua ng'ombe. Ikiisha, Mama anaiosha, na Baba mwenyewe anaipeleka kwenye kabati la vyombo, juu kabisa, karibu na picha ya ndoa yao.

Zimejipanga pale juu. Na anayezifuta vumbi ni mimi.

Sitanii. Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa mjini, na kila Jumamosi nalifunga mapema, napanda pikipiki na kwenda kwa wazazi. Napeleka dawa ya kupe, sukari, sabuni, vidonge vya presha vya Mama. Nikifika tu natelemsha mzigo na kuingia zizini. Naogesha ng'ombe, naangalia ndama mwenye jicho bovu, nagongelea bati lililoachia. Kisha Mama ananiambia, wewe ndiye mrefu, hebu tupia kitambaa kule juu ya kabati. Nazishusha chupa za Luhende moja moja, nazifuta, nazirudisha zilivyokuwa, maana Baba akikuta moja imegeuka mgongo anauliza. Jua likianza kushuka niko barabarani narudi Bariadi.

Dawa ya kupe nayo inakuja kwenye chupa. Sijaona hata moja kabatini.

Mwaka jana Luhende alinisimulia kwa simu, akicheka, kwamba Baba enzi za ujana wake alicheza ngoma ya nyoka. Alicheza na chatu shingoni, watu wakitoka vijiji vya mbali kumtazama, hadi alipobatizwa, padri akamwambia achague ngoma au kanisa. Nilicheka na mimi, nikajifanya naijua habari hiyo. Sikuijua. Nimezaliwa kwenye nyumba ile, nimebaki mkoani wakati wenzangu wanaondoka, na habari ya chatu wa baba yangu nimeipata kutoka Arusha. Baba alimwambia Luhende siku ile ya bia nyeusi, wamekaa wawili mbele ya nyumba. Mimi siku hiyo nilikuwa zizini.

Basi nikaanza kutafuta chupa yangu.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikishinda kwenye simu nikisoma habari za watu wanaotafuta bia adimu. Wana maneno mengi. Bia imelazwa kwenye pipa la mbao, bia ina harufu ya moshi na tunda lililoiva, bia haitapikwa tena. Nilikuwa nawasoma huku nikiwaona wendawazimu, na bado nikaendelea kuwasoma. Mwishowe nikampata mtu Dar es Salaam aliyekuwa na chupa mbili za bia iliyolala piponi mwaka mzima. Bei yake siiandiki hapa kwa sababu Rahel anajua anwani ya blogu hii. Niseme tu kwamba kwa pesa ile zizi zima la Baba lingeogeshwa hadi masika. Zikaja kwa basi, zimefungwa na magazeti, juu ya boksi nimeomba paandikwe DAWA.

Yule muuzaji alinitumia ujumbe: ina chachu hai chini ya chupa, usishangae. Sikushangaa hata kidogo. Mimi ni mtoto wa mama anayepika pombe ya mtama. Chachu utanifundisha nini?

Hapo ndipo nilipopotea.

Jana wazazi walikuwa na kazi ya kupura mtama. Kwetu kazi hiyo haifanywi na mwenye shamba peke yake. Unapika pombe, unawatangazia majirani, wanakuja na fimbo zao, wanapura huku wakiimba, na mtama ukishapepetwa wote mnakaa kwenye pombe. Luhende naye alipata ruhusa kazini akaja. Alishuka na mfuko wa karatasi mkononi, na nikajua kilichomo. Mimi pia nilikuwa na chupa moja kwenye gunia nyuma ya pikipiki. Nilikuwa nimeibeba kwenye mashimo yote ya barabara ile, kwenye jua la saa saba, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu ndani ya kofia ya pikipiki.

Nilingoja majirani wakae. Nilitaka mashahidi. Luhende alikuwa ameshakaa kiti cha mkono wa kulia wa Baba, kile kile anachokaa siku zote, chupa yake iko chini miguuni bado haijafunguliwa. Nikasimama katikati, nikaitoa yangu guniani, nikasema hii ni ya Baba, na bia ya namna hii huenda haijawahi kuvuka kuja Simiyu. Sauti yangu niliisikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayegombea udiwani.

Kwetu aliyeleta pombe ndiye anayeionja kwanza, watu wakimwona. Ni namna ya kusema hakuna kitu kibaya humu, kunyweni. Nikajua lazima nianze mimi. Tena pombe ya mtama hainywewi kabla ya kukorogwa. Ukiiacha itulie, wa kwanza atakunywa maji na wa mwisho atakunywa uji, kwa hiyo Mama kila anapochota anazungusha kwanza kata ndani ya ndoo, machicha yapande. Mkono wangu umeyaona hayo tangu nikiwa mtoto. Chachu iko chini, ujumbe umesema. Nikaishika chupa shingoni, nikaigeuza juu chini, nikaitikisa kwa nguvu, vizuri kabisa, mbele ya watu wote.

"Kaka, usi—"

Ni Luhende. Nilisikia, na kwa sababu alikuwa Luhende nikaongeza kutikisa.

Nilipong'oa kizibo bia ilitoka karibu yote. Ilinipiga kidevuni, ikaingia kifuani, ikaruka ikamwagikia Mama kwenye khanga yake na povu likaendelea kushuka kwenye mkono wangu hadi kwenye kiatu. Mwaka mzima piponi, na ardhi ya Mwamapalala ikaimaliza kabla sijavuta pumzi. Jirani yetu Mzee Nkwabi, aliyekuwa mbele kabisa, alijifuta jicho akasema taratibu kwamba wahenga leo wameonjeshwa vizuri, sisi tuliobaki hai tusubiri mwakani. Watu walicheka hadi fimbo zikawadondoka. Baba alicheka. Mama alicheka huku anakamua khanga.

Luhende hakucheka. Aliinuka, akanipa leso yake. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Chini ya chupa lilibaki funda moja. Desturi ni desturi, nikalinywa nikiwa nimesimama. Na hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa wiki nzima watu wananiuliza kwenye maoni kama bia hizi za bei mbaya zinastahili kutafutwa au ni maringo. Ilikuwa nzuri. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa na ladha ya asali iliyoungua kidogo, na mbao, na kitu kama mvua ya kwanza inapogusa udongo. Nilitamani iwe mbaya. Ingekuwa mbaya ningecheka na wenzangu, ningerudi kwenye ndoo ya Mama, habari ingeishia hapo. Lakini ilikuwa nzuri, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu nilikuwa nimeimwaga.

Nilikwenda zizini. Ndiko ninakokwenda siku zote.

Baba alinifuata baadaye na fimbo yake, akainama kumtazama yule ndama, akaniuliza jicho linaendeleaje. Nikamwambia linapona. Kisha nikajikuta namuuliza, mtu mzima mwenye duka na ndevu, kwa nini chupa za Luhende anaziweka kabatini.

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu.

"Yule haji, ng'wanawane, mwanangu. Nikiiona chupa namkumbuka alivyokaa, kiti gani, tuliongea nini. Wewe nikuwekee chupa ya nini? Wewe upo."

Akampapasa ndama kichwani, akauliza kama Jumamosi ijayo nitaleta dawa ya minyoo, akarudi kwa wageni.

Najua alichosema ni kizuri. Rahel nilipomsimulia jana jioni alisema mimi ni mtu wa ajabu, baba amenipa heshima kubwa namna ile na bado nimenuna. Labda. Lakini neno lile haliniachi tangu jana. Upo. Zizi lipo. Kisima kipo. Hakuna anayekaa akakikumbuka kisima.

Nilidhani namwonea Luhende wivu kwa ajili ya bia. Kumbe namwonea wivu kwa kukosekana.

Wakati nawasha pikipiki alikuja kuniaga. Aliuliza kama ninayo nyingine ya ile, nikasema ninayo. Akaniambia ile bia yeye mwenyewe ameitafuta Arusha nzima hajaipata. Naandika haya kwa aibu: kwa sentensi hiyo peke yake niliendesha hadi Bariadi nikipiga mluzi. Akaniambia pia namna ya kuitendea. Isiende safari ikafunguliwa papo hapo. Ikifika isimamishwe mahali pa baridi, usiku mzima, chachu irudi chini, kisha imiminwe polepole bila haraka, na bia ya kimo cha kidole kimoja iachwe chini ya chupa pamoja na chachu yake.

Leo mchana wote nimekuwa nikifikiria maagizo hayo. Nilitaka kuifungua hii hapa hapa, peke yangu, niumalize wivu pamoja nayo. Nimefungua mlango wa friji na kuufunga tena hadi Rahel, kabla hajarudi kanisani, akasema umeme nao unanunuliwa.

Kisha nikajiuliza swali la kijinga. Mimi pale kwa Baba huwa nakaa kiti gani?

Nimejaribu kujiona. Kiti cha kulia ni cha Luhende. Kigoda ni cha Mama. Lile benchi la mbao ni la majirani. Nimejitafuta kwenye Jumamosi zote ninazoweza kuzikumbuka na kila ninapojiona nina kitu mkononi: kitambaa, nyundo, bomba la dawa. Nasimama mlangoni, nasimama juu ya stuli ya kabati, nasimama zizini. Hata jana nilikunywa funda langu nimesimama.

Sikai. Miaka yote hii sijakaa.

Baba hakuniambia habari ya chatu kwa sababu huwezi kumsimulia mtu chatu huku anapanda juu ya paa.

Kwa hiyo nimeamua, na naandika hapa ili nisije nikajigeuka. Kwenda Jumamosi hakufai, kwa sababu chupa ikifika mchana itakuwa imevurugika tena. Nitakwenda Ijumaa. Nitaisimamisha kwenye kona ya mtungi wa maji, ambako hata kiangazi kuna ubaridi, na kwa kuwa lazima ilale usiku mzima, itabidi na mimi nilale. Sijalala nyumba ile tangu nioe. Asubuhi sitaingia zizini. Ng'ombe watanisamehe siku moja. Nitamimina polepole, nitaonja kwanza Baba akiniona, kisha nitamuuliza yule chatu alikuwa na uzito gani.

Ikiisha, chupa naiweka mwenyewe kabatini, mbele ya zile za Luhende. Wivu haujaisha, nani kasema umeisha? Mfuta vumbi ana haki ya kupanga.

Kinachonitisha ni kitu kidogo tu. Luhende atakuwa amesharudi Arusha, kiti cha kulia kitakuwa wazi, na nitakivuta, na nitakaa. Sijui kama Baba atanishangaa, au ataniuliza nimevunjika nini.