Kitambaa cha Jumapili

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye kigoda chako, hapa mlangoni, mtoto yuko kwenye titi. Huyu hukumwona. Nimempa jina lako, Mariamu, na analia kwa sauti nzito kama yako ulipokuwa unaanzisha pambio. Mjukuu wako Neema amekua, gauni limeshapita juu ya magoti. Juzi aliniuliza kama na huko uliko kuna mgao wa chakula.

Huku mgao umepunguzwa, halafu ukapunguzwa tena. Shitingi, hili turubai la paa, imetoboka pale juu ya kitanda chako. Na Elia, mume wangu, alitoka kambi hii ya wakimbizi bila kibali, akaenda upande wa Kibondo kutafuta kibarua cha kulima. Alisema atarudi mahindi yakianza kuchanua. Mahindi yamevunwa, Mama. Wengine wanasema amekamatwa, wengine wanasema wamemwona kijijini Titye anabeba matofali. Mimi siwezi kwenda kumtafuta. Nikifika kwenye kizuizi cha barabara narudishwa, na nikikaa humu ndani naona kama kuta zinasogea.

Nikwambie ukweli, ulipokuwa hai nilijiona nimefungwa mara mbili. Kwanza kambi, halafu wewe. Hereni hapana. Kusuka hapana. Banda la video, hata kupita mbele yake hapana. Na Jumapili moto hauwashwi, tunakula baridi kilichopikwa Jumamosi. Wasichana wenzangu waliita kwetu nyumba ya majivu. Siku niliyolalamika kwamba tumbo linanguruma katikati ya maombi ulinijibu umefumba macho: "Acha tumbo ipige kelele, yenyewe haiko mchungaji." Nikacheka. Ukanifinya, halafu na wewe ukacheka.

Hivi karibuni alikuja mwalimu wa Biblia kutoka Kasulu, akatufundisha habari za Wakristo wa zamani wa Uingereza walioitwa Wapuritani. Nyumba zao za ibada hazikuwa na mapambo, na Jumapili kazi zote zililala. Waliposumbuliwa kwa ajili ya imani baadhi yao walivuka bahari, wakafika ugenini kwenye baridi kali, wakazikana wao kwa wao, na bado wakatenga siku za kufunga na siku za kushukuru. Alisema imani haikuwaondolea shida, iliwapa namna ya kukaa ndani yake. Wengine walisinzia. Mimi nilikaa wima, maana niliona anakusimulia wewe, tena hakujui. Nilitaka kumwuliza, hao mama zao walifanyaje mtoto akiomba chakula na hakipo? Nikaona haya.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mama Furaha wa kijiji cha Makere, yule anayetuletea dagaa na mawese, alikuwa amemtaka Neema. Si kwa ubaya. Ana duka, ana watoto wadogo, anataka wa kumsaidia nyumbani. Aliniambia: "Mdogo wangu, kwangu atakula asubuhi na jioni. Hapa unamshibisha kwa nyimbo?" Akasema atapita Jumatatu achukue jibu.

Nikimtoa atashiba, lakini siku nikisikia anaumwa sina ruhusa ya kumfuata. Nikimzuia, nampa nini? Gauni lake nililifua. Nililikunja, Mama. Nikawa natafuta cha kufungia nguo zake, ndipo nikavuta kile kitambaa chako chini ya godoro.

Kile cheupe, kirefu. Kila baada ya ibada ulikitandika juu ya meza ya kanisa, na kila mtu akapitisha mikono chini yake kuweka alichopika Jumamosi. Mwenye kitu aliweka. Asiye na kitu alipitisha mikono mitupu, na hakuna aliyejua. Ukakifunua, tukaomba, tukala wote. Ulipofariki nikakichukua kiwe kumbukumbu yangu. Watu wa kanisa wakaogopa kumwomba mfiwa, mimi nikadhani wameiacha desturi. Basi tangu tukuzike kila nyumba inakula baridi peke yake, na wengine hawali.

Nilikishika pale nikakumbuka Jumapili moja nikiwa mdogo, nimesimama kando yako, nikaona mikono yako inaingia mitupu. Uliniona kwamba nimeona. Ulinitazama tu, ukaendelea kuimba kuliko watu wote. Siku ile nilikukasirikia, nilidhani unamdanganya Mungu. Kumbe ulikuwa unatutafutia chakula bila kuinamisha kichwa.

Sikufunga nguo. Jumamosi nilichemsha mihogo iliyobaki, Jumapili nikaenda kanisani na kitambaa begani. Dada Yemima, yule shemasi, akashika ncha ya pili tukatandika. Akanong'ona: "Tulidhani umemzika nacho." Wengi walikuwa wameacha vyakula vyao nyumbani, wakakimbia kuvileta. Mikono ikapita, mmoja mmoja. Kilipofunuliwa hapakuwa na muujiza, Mama. Mihogo, viazi, mbaazi. Mzee wa kwaya akatafuna akauliza: "Nani kapika mbaazi hizi? Anataka meno yetu ayapeleke wapi?" Tukacheka hadi Mariamu akaamka. Neema alikula mpaka kwikwi ikamshika.

Hapo ndipo nikapata nguvu ya kuwaambia dada zetu habari ya Jumatatu. Niliongea vibaya, maneno yalikatika-katika, sikumaliza. Dada Yemima hakunihubiria. Alisema, "Mtoto atakula kwetu kwa zamu. Anaanza kwangu." Wengine wakaitikia palepale, hata wale ninaojua vyungu vyao ni vitupu.

Mama Furaha alipokuja nikamwambia, dada, asante, Neema anabaki. Akatikisa kichwa: "Wokovu wenu huu mgumu kama tofali la kuchoma." Kisha akampimia Neema dagaa, akaondoka bila kudai kitu.

Kizuizi bado kipo pale pale. Elia hajarudi. Asubuhi bado naamka naona kuta zinasogea. Lakini naanza pambio lako, lile la kuanzia siku, na Neema anaitikia kutoka kitandani, na nikimaliza naweza kwenda kuchota maji. Naamini Elia atarudi. Akirudi atatukuta wote, hilo nimekuahidi kaburini na narudia hapa.

Pumzika, Mama. Kitambaa nimekifua, kinakauka juu ya ua wa nyasi. Kitatandikwa kila Jumapili nikiwa na pumzi, na nikiishiwa Neema atakishika.

Jumamosi hii sina cha kupika. Kesho nitapitisha mikono mitupu na nitaimba kuliko wote. Neema atakuwa amesimama kando yangu. Akiona, nitamtazama kama ulivyonitazama.

Mwanao,
Ester