Kikombe cha Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Maprofesa wa idara wamegombana tena. Chai ya saa nne haijapoa, wao tayari! Na wanagombea nini? Watu waliokufa miaka elfu moja na mia kadhaa iliyopita — na hizo mia ni ngapi, hata hilo hawakubaliani.

Niliandike lote, labda hasira itapungua. Kuna jiwe lililochimbuliwa katika mji wa kale wa Afrodisia. Limechongwa majina ya watu waliochangia jambo la sinagogi. Kwanza Wayahudi. Halafu nafasi tupu. Halafu kundi la pili, “na hawa wamchao Mungu” — mfua shaba, mchoraji, hata madiwani. Yaelekea ni watu wa mataifa: walikuja, walichanga, lakini hawakutahiriwa. Sasa hao walikuwa wa ndani au wa nje?

Wa nje, anasema Profesa Kiambaza. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hamalizi mhadhara bila kutaja kile kiambaza cha hekalu la Yerusalemu, ukuta wa kuwatenga wageni, chenye tangazo kwamba mgeni akivuka, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Kwake ile nafasi tupu kwenye jiwe ni ukuta, basi.

Bi Inategemea naye ni profesa. Ndiye aliyenisimamia nikiandika tasnifu. Kwake hakuna cha ndani wala cha nje. Nani alikuwa Myahudi? Inategemea. Nani Mkristo? Inategemea. Watu walikuwa wanakwenda sinagogi leo na kanisani kesho, maaskofu wanapiga kelele weee, nani awasikilize! Na ile nafasi kwenye jiwe? “Fundi alichoka, akapumzika.”

Mimi niko upande wake. Makala yangu ya semina ya Ijumaa ya wiki ijayo inasema hivyohivyo. Leo wamenigeukia: na wewe je, unasemaje? Nimefungua mdomo — Kiambaza akasema kabla hajasema, atuletee sukari. Nimekwenda kuleta sukari. Kurudi, wako kwenye bei ya mafuta.

Na chai nimeinywa kwenye kikombe cha wageni. Ukutani mwa chumba cha chai kuna misumari, kila mwanachama wa idara na msumari wake, kikombe chake, jina chini yake. Mimi nachukua vile vyeupe vya kwenye sinia. Mwaka wa sita huu nafundisha hapa! Nimesomesha nusu ya kitivo, na sina msumari.

Jumanne, 4 Machi

Waraka umebandikwa ubaoni. Wahadhiri wa muda tuliokaa miaka mingi, idara ichague: ituajiri au iachane nasi mwisho wa muhula. Katika idara yetu wa aina hiyo ni mimi peke yangu. Kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo, semina ikiisha tu.

Bi Inategemea amenishika bega. Usihangaike, mwanangu, wewe ni wetu. Wetu! Nimetembea kutwa nzima najichekea kama mtoto aliyepewa kiatu kipya.

Mama hakucheka. Alikuwa anachambua mchele.

“Kwani walikuwa hawajakuajiri?”

Nikamweleza kwa mara ya mia: mkataba wa muhula, ukiisha unaandikwa mwingine.

“Aa. Kumbe wamekuweka kinyumba.”

“Mama!”

“Nimekosea wapi? Unawapikia, unawafulia, watoto wao unawalea. Posa hakuna. Siku wakipata mwingine watakuambia, kwani tulikuoa?”

Nimekwenda kusahihisha mitihani chumbani. Mitihani yao.

Jumatano, 5 Machi

Simu. Mwalimu mkuu wa sekondari ya wasichana, nafasi ya kudumu, historia na dini. Aliniona mwaka jana nikizungumza na walimu wake. Anataka jibu Ijumaa hiyohiyo ya kikao, kabla hajafunga ofisi. Nikasema nitafikiri. Fikiri, akasema, lakini mimi si wa kusimama mlangoni na maua.

Nimempenda hapohapo. Lakini jiwe langu je? Shuleni nitafundisha vizuri, najijua. Nani atanilipa nikae na mfua shaba wa Afrodisia? Hakuna. Nataka kubaki. Naandika hapa kwa sababu sithubutu kulisema kwa sauti: nataka msumari.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya hovyo!

Mkuu wa kitivo kaja na wakaguzi wa nje. Hawakutoa taarifa, wametukuta kwenye chai. Mimi na Bi Inategemea tulikuwa kwenye kimeza cha dirishani, hapo tunapokaa siku zote. Ananieleza kwamba meza ya pamoja ndiyo iliyoiyeyusha mipaka ya kale. Meza! Kabla sentensi haijaisha, wageni wakaingia. Akainuka. Na kikombe chake. Akahamia meza ndefu kwa wakubwa. Nami nikainuka nimfuate — wewe kaa tu hapo, mwanangu, huku pamebana. Palikuwa na viti vitupu, nimeviona kwa macho yangu!

Kiambaza hakusogea. Hutulia kwenye kona yake kama kabati. Ila akapaza sauti mbele ya wakaguzi: “Samahani, huyu binti wa dirishani ni mgeni au mwenyeji? Kama ni mwenyeji, kikombe chake kiko wapi?”

Ningekuwa na uwezo ningeingia ndani ya birika. Mkuu wa idara akacheka kicheko cha kufunika. Mkaguzi mmoja akaandika kitu.

Kila mwaka nafundisha ugomvi wa Antiokia. Petro anakula na watu wa mataifa, hana neno. Wanafika watu kutoka kwa Yakobo, anajitenga, Paulo anamkemea mbele za watu. Nimeufundisha kwa ramani, kwa projekta, kwa kila kitu. Tunabishana nia ya Petro, tunabishana haki ya Paulo. Sijawahi kuwauliza wanafunzi habari ya wale waliobaki mezani na mkate mkononi. Walitazama wapi? Mimi nilitazama dirisha.

Jumapili, 9 Machi

Makala haiendi. Sentensi yangu ya mwisho, ambayo mwezi uliopita niliiona dhahabu tupu: “Mpaka haukuwepo, tunaouchora ni sisi wasomi.” Leo nimeisoma kwa sauti, mama akauliza nani amekufa.

Mfua shaba ametoa mchango wake. Siku jiwe linazinduliwa anakuja na mke wake, amevaa vizuri. Anatafuta jina. Juu halipo. Anashuka, anashuka, anapita ile nafasi — hili hapa. Je, alifurahi kuwepo? Au aliangalia juu tena?

Hakuna anayejua. Lakini nisiambiwe hakuiona ile nafasi!

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Bi Inategemea, mguu kwa mguu mpaka ofisini kwake. Kuuliza si ujinga. Nikamwuliza wazi: Ijumaa utaniunga mkono niajiriwe?

Akanikalisha. Akanitengenezea chai, akanipa na biskuti. Hapo ningepaswa kujua.

Mwanangu, kwa nini unataka kujifungia? Ajira, uanachama, hivyo ni vibandiko tu. Hali yako ya katikati ni hazina, unaona ndani na nje. Yeye atapendekeza kitu laini: niitwe “mshirika wa idara”. Sitaajiriwa, na sitaondoka. Nitaendelea kama kawaida.

“Na mshahara?”

“Inategemea.”

Aaah! Na linaloniuma zaidi ni kwamba haniibii. Hanichukii. Ananipenda kwa dhati na amefurahi kwamba amenipatia suluhisho. Mwanangu, mwanangu — na mtoto mwenyewe analala barazani!

Kwenye ngazi nikakutana na Kiambaza. Mtu huyu hajui hata kusalimia.

“Makala yako nimeisoma. Mbovu.”

“Asante, Profesa.”

“Ijumaa nitaichanachana. Halafu kwenye kikao nitakupigia kura uajiriwe.”

Nikabaki nimeduwaa, mafaili kifuani. Akanitazama kana kwamba mjinga ni mimi.

“Sasa unashangaa nini? Penye ukuta pana mlango. Mtu anabisha, anafunguliwa au anaambiwa hapana, anakwenda zake. Wewe umeambiwa hakuna ukuta. Sasa utabisha wapi?”

Akashuka. Hata kwaheri hakuna. Siku ile ya wakaguzi, kumbe ndivyo alivyokuwa ananitetea! Hivi haki haina mdomo mwingine wa kupitia, mpaka upatikane ule? Nimekasirika kuliko asubuhi. Miaka sita namchukia kwa raha zangu, leo kaniharibia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeifuta ile sentensi. Sijaweka nyingine. Mama ameninyooshea gauni la bluu bila kusema kitu, na mama kukaa kimya si jambo dogo.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kikao. Mkono usipoandika utagonga kitu.

Semina kwanza. Nilisoma makala mpaka mwisho, nikafika pale pa sentensi iliyofutwa, nikasema tu yaliyonijia: kama ukuta ulikuwepo sijui, ila waliochongwa chini ya ile nafasi walijua wako chini, na sisi hatujawahi kuwauliza. Kiambaza alikuwa tayari ameshanichana kurasa nane za mwanzo kama kitambaa cha kufutia meza. Hapo akaweka kalamu chini. “Hatimaye,” akasema. Bi Inategemea aliniangalia kama nimeuza kiwanja cha ukoo.

Kisha kikao. Mwandishi wa vikao ni mimi, siku zote, ati nina mwandiko mzuri. Tukafika jambo langu. Mkuu wa idara akakohoa: kanuni inasema ajira ikijadiliwa, asiye mwanachama asiwepo. Sawa, nikakusanya karatasi. Bi Inategemea akashtuka — sasa nani ataandika?

Maprofesa watupu, wanaosoma maandishi ya mawe yaliyovunjika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kumbukumbu za kikao! Mmoja alisingizia macho yake. Mwingine alisema alisahau miwani, na iko kichwani. Mwishowe mkuu wa idara, bila kucheka hata kidogo: “Basi akae. Aandike tu, asisikilize.”

Aandike, asisikilize!

Kiambaza akapiga meza mpaka vijiko vikaruka. Mlango uko pale, akanguruma, ama ni wa ndani ama ni wa nje, mwacheni mtoto wa watu atoke kwa heshima! Bi Inategemea akasema si lazima tuwe wakali hivyo. Nikatoka mwenyewe. Na kikombe cheupe nimetoka nacho, sijui kwa nini. Kipo hapa pembeni yangu.

Nasikia sauti zao. Ukuta huu ni mwembamba. “Mshirika!” “Ajira!” “Inategemea tunamaanisha nini!” Kisha viti vinasogea. Wanapiga kura, nadhani.

Ujumbe kwenye simu. Mwalimu mkuu: nafunga ofisi sasa hivi, mwalimu, nipigie au nikupigie? Ameshaniita mwalimu. Sijajibu.

Ndani kelele zimerudi, kubwa kuliko mwanzo. Kwa nini, kama wameshapiga kura?

Mlango umefunguliwa. Bi Inategemea, nywele zimemsimama. Anataka niingie haraka. Kura imepigwa, anasema, mikono imepanda mingi tu, jambo limepita — ila hakuna aliyeandika ilipanda kwa pendekezo lipi. Yeye anakumbuka ni lake la ushirika. Kiambaza anaapa ni lake la ajira. Mkuu wa idara anasema yeye aliinua mkono kwa nia njema. Sasa kila mtu anaifasiri! Dakika chache tu, na tayari kuna mapokeo mawili.

“Njoo, mwanangu, utuwekee sawa.”

“Mimi nilikuwa nje.”

“Ndiyo, lakini unatujua. Njoo uandike.”

Anakishikilia kitasa. Ndani namwona Kiambaza amegeuza kiti kuelekea huku, mikono kifuani, hasemi. Ndiyo mara ya kwanza namwona hasemi. Nyuma yake kiti changu cha kuandikia kiko wazi, karatasi tupu juu yake, na kalamu.

Nimemwambia subiri, namalizia mstari. Nimemwuliza nikiwa bado nimekaa:

“Niingie kama nani?”

Bi Inategemea ameshusha pumzi. Ananitazama kwa upendo uleule, na mdomo umeshaanza kufunguka. Neno linalokuja nalijua. Simu inaita.